Jumamosi za Kurudisha Ukurasa

Kwa nini mtu mzima akae chini kusoma upya kitabu ambacho anajua kinavyoisha? Nilikuwa na miaka tisa nilipoliuliza swali hilo kwa mara ya kwanza, na niliuliza kwa Kiingereza, maana siku hizo Kiswahili nilikisikia tu, sikukijibu. Baba alikuwa akiendesha gari, tumetoka nyumbani Coon Rapids tunaelekea Saint Paul. Akafikiri mpaka tukapita taa mbili, kisha akasema, "Wewe unaonaje?" Nililichukia jibu hilo. Nilikuwa mtoto wa kudai sababu ya kila kitu. Nilishawahi kumuuliza mchungaji kwa nini tunashukuru kabla ya kula badala ya kusubiri tuone kama chakula ni kitamu. Mtu wa namna hiyo humtulizi kwa kumrudishia swali lake.

Wiki iliyopita nilifungua mashine ya kukaushia nguo katika jengo ninaloishi sasa, hewa ya moto yenye harufu ya sabuni ikanipiga usoni, na hapo hapo nikaziona falme tisa za vitabu vya Baba, daraja la barafu na msichana aliyebeba kengele mgongoni. Nilisimama na taulo mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata. Wasomaji wengine wa vitabu vile watakwambia ulimwengu ule unanukia misonobari na moshi. Kwangu mimi unanukia shuka zilizotoka kwenye mashine.

Baba alikuwa dereva wa basi dogo la hoteli moja kule Bloomington, lile linalopokea wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha. Mgeni mmoja alisahau kwenye kiti cha nyuma kitabu kinene kama tofali. Kilikaa katika kabati la vitu vilivyosahauliwa mpaka muda wake ukapita, hakuna aliyekidai, msimamizi akamwambia Baba akichukue. Akawa anakisoma akisubiri ndege zilizochelewa, na majira ya baridi kwetu ndege huchelewa sana. Kilikuwa cha kwanza kati ya vitano. Kinamhusu Halwen, binti wa mfua kengele, anayevuka falme tisa na kengele isiyo na ulimi, akimtafuta mdogo wake Miren aliyepotea siku mji wao ulipochomwa moto. Kuna mazimwi, kuna wafalme wasaliti, kuna ramani ya kurasa mbili, na kuna majina ambayo hakuna ajuaye yanavyotamkwa.

Katika hoteli hiyo hiyo alifanya kazi Kimani, Mkenya, mwanafunzi wa uhandisi mchana na mbeba mizigo jioni, ambaye alikuwa ameshavisoma vitabu vyote vitano tangu sekondari na alikuwa akitafuta mtu wa kubishana naye. Mama Espe, Mkongo kutoka Uvira, alisafisha vyumba. Yeye alianza kusoma ili kuongeza Kiingereza, akajikuta anamchukia mfalme mmoja wa kitabu cha pili kama jirani aliyemkosea. Walipomaliza vyote, kila mmoja kwa wakati wake, walikuwa na mengi ya kusemezana kuliko nafasi waliyokuwa nayo kazini. Ndipo Mama Espe akatoa wazo la kuvisoma tena kwa pamoja, Jumamosi mchana. Alikuwa na watoto watano, na Jumamosi mchana ilikuwa saa yake ya kufua, kwa hiyo masharti yake yalikuwa mafupi: anayetaka kusoma naye amfuate kwenye chumba cha kufulia.

Chumba kile kilikuwa chini kabisa ya jengo lake, Saint Paul. Kilikuwa na mashine nane, meza moja ndefu ya kukunjia nguo, na viti vya plastiki. Mama yangu alifanya kazi hospitali siku za Jumamosi, kwa hiyo Baba hakuwa na pa kuniacha, akawa ananibeba pamoja na chupa ya chai.

Walikuwa na utaratibu wao waliouita kurudisha. Mmoja alisoma ukurasa kwa sauti kwa Kiingereza, na aliyekaa kushoto kwake aliurudisha kwa Kiswahili, bila kuangalia kitabu, kwa maneno yake. Baba alirudisha kwa Kiswahili cha Tabora, taratibu, kana kwamba anasoma taarifa ya habari. Kimani alirudisha kwa kasi, kwa Kiswahili cha vijana wa kwao: "Sasa Halwen aka-realize hawa wasee wamemcheza." Mama Espe alianza kila ukurasa na "donc", yaani "kwa hiyo" ya Kifaransa, akaingiza maoni yake katikati, na wafalme wake wote walizungumza kama wenye nyumba wabaya. Mashine ikilia kwamba imemaliza, msomaji alinyamaza, nguo zikatolewa, watu wakakunja huku wakiendelea kurudisha. Shuka hukunjwa na watu wawili. Mnashika pembe, mnarudi nyuma, mnasogeleana, mnakutana. Mpaka leo nikisikia neno mkutano, picha inayonijia ni hiyo.

Sheria ilikuwa moja, aliitunga Kimani: hakuna kuwahi. Wote walijua mwisho, lakini mtu akitaja jambo ambalo ukurasa haujafika, anakunja nguo zote za siku hiyo peke yake. Kimani mwenyewe alikunja mara nyingi kuliko wengine. Mimi niliwaonea huruma. Nilikuwa nimeshapata jibu la swali langu, nalo lilikuwa rahisi: walikuwa wanarudia kwa sababu mara ya kwanza Kiingereza kiliwashinda, na hawakutaka kusema. Sikuona sababu nyingine. Nikaamua kwa moyo wa ukarimu kutowaumbua.

Kisha akaja Mama Zawadi. Alikuwa wifi yake Mama Espe, mjane wa kaka yake, ndiyo kwanza amefika kutoka kambi ya wakimbizi na watoto wake wawili wadogo. Mwezi wa kwanza alikuwa hatoki nyumbani, hata dirisha hafungui. Mama Espe alimteremsha kwenye chumba cha kufulia kwa kumwambia kwamba anahitaji mikono ya kukunja, jambo ambalo lilikuwa uongo, maana mikono ilikuwepo ya kutosha. Mama Zawadi alikaa kiti cha mwisho, karibu na mashine iliyo na joto zaidi. Hakuwa na Kiingereza bado, kwa hiyo kurudisha, ambako kwa wengine kulikuwa mchezo, kwake kulikuwa ndiyo hadithi yenyewe.

Alikuwa akinitazama sana. Nilidhani hanipendi. Nilimlalamikia Baba kwenye gari, na Jumamosi iliyofuata, tulipokuwa tunampeleka Mama Espe kununua unga, yeye ndiye aliyenieleza, bila kunificha, kama Wakongo wasivyowaficha watoto mambo. Mama Zawadi alikuwa na binti mkubwa, Furaha. Siku waliyokimbia watu walikuwa wengi njiani, mkono ukaponyoka, na tangu hapo hajasikika. Alikuwa na miaka tisa. Mimi nikachukulia kwamba bado ana miaka tisa, kwamba mahali fulani yuko msichana wa kimo changu hasa, amesimama njiani akisubiri. Haikunijia kwamba miaka ilikuwa imepita kambini, na kwamba hata waliopotea hukua.

Kitabu cha kwanza kikaisha, tukaingia cha pili. Sikumbuki kama ilikuwa theluji ya kwanza ya mwaka au nimeipachika baadaye kwa sababu inapendeza, lakini nakumbuka viatu vyote vimepangwa mlangoni vikidondosha maji siku Mama Zawadi alipouliza. Baba alikuwa amerudisha ukurasa ambao Halwen anakuta kitambaa cha mdogo wake kwenye kibanda kisicho na watu. Mama Zawadi, ambaye kwa wiki nyingi hakuwa amesema zaidi ya salamu, akaweka chini soksi alizokuwa anapanga.

"Ile mutoto," akasema, "batamupata?"

Kimani akainuka kwenda kuangalia mashine ambayo haikuwa imelia. Mama Espe akasema kwa upole, "Wifi yangu, kuna sheria." Baba akamimina chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa. Niliwatazama mmoja mmoja, na nikaona kwamba ni watu wakatili. Walikuwa na jibu mfukoni na wanamnyima mtu.

Baadaye kidogo mashine ya mwisho ikalia, na mimi nikashika pembe mbili za shuka, Mama Zawadi akashika nyingine mbili. Tukarudi nyuma, tukasogeleana. Tulipokutana akaniuliza tena lile lile, kwa sauti ya chini, mimi tu.

"Ndiyo," nikamwambia. "Anapatikana. Anarudi nyumbani."

Nilisema kwa Kiswahili. Nadhani yalikuwa maneno yangu ya kwanza ya Kiswahili nje ya shikamoo na ahsante. Nami nilikuwa sijakisoma kitabu cha tano. Sikuona kama nadanganya: nilishasoma hadithi za kutosha kujua kwamba mtu hatembei falme tisa bure.

Nyumbani nikakichukua kitabu cha tano kwenye rafu ili nijihakikishie. Ilinichukua wiki kadhaa, nikiruka vita na nyimbo. Miren hapatikani. Hakuna kaburi, hakuna habari, hakuna chochote. Halwen anafika mwisho wa ufalme wa tisa, anaitundika ile kengele isiyolia kwenye mlima, anarudi nyumbani peke yake. Nilisoma kurasa zile za mwisho mara tatu, nikitafuta mahali nilipokosea, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kurudia kitabu chochote.

Kuanzia hapo kila Jumamosi ilikuwa inanisogeza karibu na mwisho ule. Mama Zawadi alikuwa amebadilika, kila mtu aliona. Alikuja mapema. Alicheka kila mfalme wa Mama Espe alipozungumza. Alianza darasa la Kiingereza la kanisani, na siku moja akamsahihisha Kimani jina la farasi, Kimani akaomba msamaha kwa magoti. Mama Espe alisema ni Mungu, Baba alisema ni joto la chumba. Mimi nilijua ni mimi, na nilijua siku ya malipo inakuja. Kitabu cha tatu kikaisha, majira ya joto yakapita, cha nne kikaisha. Nilijitolea kukunja nguo mpaka Kimani akaanza kunitania, "Profesa, kwani ni sheria gani umevunja?" Sikuweza hata kucheka.

Tulipokaribia cha tano nilifanya kitu cha kijinga. Kilikuwepo kitabu cha tano kimoja tu kati yetu sote, chetu, nikakificha kwenye buti la gari chini ya tairi la akiba. Baba alikitafuta siku nne. Siku ya tano theluji ilianguka, akafungua buti kutafuta brashi ya kufagilia kioo, na tairi lilikuwa limekaa upande. Aliingia ndani na kitabu mkononi, kofia bado kichwani, akakaa mbele yangu. Nikamweleza yote kwa Kiingereza, nikilia, na nikamwomba aende yeye kumwambia Mama Zawadi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunigombeza kwa kuvunja sheria ya Kimani wala kwa kuficha kitabu. Alisema jambo moja tu.

"Ulimwambia kwa Kiswahili, mwanangu. Utamfuata kwa Kiswahili."

Wiki nzima nilijizoeza bafuni. Jumamosi nikamwomba Mama Zawadi anisaidie shuka, na nilikuwa nimepanga kusema tukiwa mbali, pembe kwa pembe, ili nisiuone uso wake vizuri. Lakini sauti haikutoka mpaka tulipokutana katikati. Nikamwambia nilimdanganya, kwamba nilikuwa sijasoma, kwamba Miren hapatikani mpaka mwisho. Kiswahili changu kilikuwa kinajikwaa, nikachanganya nafsi, nikasema mimi mahali pa yeye. Hakunisaidia neno. Alisubiri nimalize.

"Uliniambia siku gani?" akauliza.

Nikamwambia siku ile ya theluji, ya kitambaa.

"Tangu ile siku nalala," akasema. "Usininyang'anye." Akanirudishia pembe za chini, tukaendelea kukunja.

Nilielewa kwamba hakunielewa. Ndivyo nilivyoamua: Kiswahili changu kilikuwa kibovu kiasi kwamba ungamo zima limempita, na bado anaamini. Kwa hiyo ilibaki kusubiri siku kitabu kitakapomwambia mbele ya watu. Nilihesabu kurasa na viti. Ukurasa wa mwisho ungesomwa na Kimani, na aliyekuwa anakaa kushoto kwa Kimani siku hizo, kwa sababu sasa alitaka kujaribu na yeye, alikuwa Mama Zawadi.

Siku hiyo ilipofika nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kimani alisoma polepole, bila mbwembwe zake. Halwen akafika juu. Akaitundika kengele. Akageuka. Kimani akafunga kitabu, na Baba, nakumbuka, akaweka mkono wake juu ya meza karibu na wangu bila kuugusa. Mashine moja tu ilikuwa inazunguka, kuna kifungo ndani yake kilichokuwa kinagonga. Mama Zawadi alikaa na mikono mapajani.

"Alimutafuta," akaanza. "Alimutafuta sana. Hakumuona. Akatundika kengele pale ku mulima. Kisha akarudia nyumbani, sababu kulikuwa bengine ba kupikia."

Hayo ya mwisho, ya wengine wa kupikiwa, hayamo kitabuni. Nililitazama jalada kana kwamba linaweza kumkanusha. Kimani, aliyeweza kubishana kuhusu rangi ya farasi kwa saa nzima, aliitikia tu kwa kichwa. Mama Espe alikuwa akijifuta macho na foronya ya mtu mwingine.

"Sasa tutaanza tena," Mama Zawadi akasema. Alikuwa akitazama rundo la vitabu. "Kule ku mwanzo, mutoto angali iko."

Jumamosi iliyofuata hatukwenda. Wala ile nyingine. Baba alivaa suti, Mama akaomba ruhusa kazini na akapika sufuria kubwa ya wali, wakaenda Saint Paul bila mimi. Nilibaki kwa jirani, nikiwa na hakika kwamba watu wazima wamekutana kuijadili kesi yangu. Baba aliporudi alinikumbatia kwa muda mrefu mno kwa mtu aliyenihukumu, na sikuuliza. Mtoto wa kuuliza kila kitu, na hilo sikuliuliza. Wiki ya tatu tukarudi, viti vikawa vile vile, na Baba akafungua kitabu cha kwanza, ambamo Miren ana miaka sita na anaiba mkate wa dada yake. Mama Zawadi alicheka ukurasa mzima. Kisha Kimani akanisukumia kiti kushoto kwa Baba na kusema profesa naye arudishe, amekunywa chai yetu bure miaka miwili.

Nikarudisha. Walinisahihisha wote kwa pamoja, kila mmoja kwa Kiswahili chake, wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, na mimi nikaendelea. Nimesoma chuo, nimebadilisha masomo mara mbili, nimeishia kwenye takwimu, ambako kazi yangu ni kutomwamini mtu mpaka aonyeshe namba. Nimeitilia shaka mizimu, mizani, na dini kwa zamu. Lakini lugha ninayoandikia haya nilipewa pale, mezani, na watu waliokuwa wamechoka na kazi za wiki nzima na ambao hawakunicheka hata siku moja. Namshukuru Baba kwa kutokwenda kusema kwa niaba yangu. Nawashukuru wote kwa ukurasa ule wa mkate, ambao tumeusoma mara nne sasa, na bado mimi huanza kucheka kabla haujafika.

Mama Espe amehamia Apple Valley, kwa mwanawe, nyumba yenye mashine yake ya kufulia, kitu ambacho anakilalamikia. Mwaka jana nilikwenda kumsaidia kutwanga sombe, kisamvu cha kwao, tukafika kwenye habari za Mama Zawadi, nami nikamsimulia uongo wangu wa kwenye shuka, ambao niliamini kwamba Baba peke yake ndiye aliyeujua. Aliacha kutwanga. Akasema wifi yake alimweleza siku ile tulipomaliza kitabu cha tano, baada ya mimi na Baba kuondoka, kabla ya suti ya Baba na ile sufuria ya wali, na alimweleza mambo mawili kwa pamoja, kwa sababu lile la pili alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote. Simu kutoka Uvira ilikuwa imeingia siku nne kabla ya Jumamosi ile ya theluji, siku nne kabla hajaniuliza: mama mmoja aliyemzika Furaha kando ya njia alikuwa amepatikana.